Ngozi Si Mvukuto Mpaka Ifungwe

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi mchana pamoja na upepo, na njia ya kupanda kuja kwetu hapa Ntobeye imekuwa utelezi mtupu. Naandika kwa sababu Spesioza amekuja. Kijana wa bodaboda alimshusha kule chini akakataa kilima, naye akapanda kwa miguu, kiatu kimoja mkononi, akaanza kuniita tangu kwenye migomba kama mtu aliyetoka kisimani muda huu huu, na lile sha la kwao la kumwita rafiki: "Leo! Leo, sha! Bado uko hai?" Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, huyu anayekuita Leo, kesho atakuitaje?" Jina langu ni Leokadia. Wengine hapa hulitamka Reokadia, na aliyelikata likawa Leo ni Spesioza peke yake, mwaka ule tulipokaa chumba kimoja. Tumelia, tumecheka, tumeshikana mikono iliyokuwa laini zamani. Amekunywa chai, kisha safari ya kutoka kwao ng'ambo ya mpaka wa Rusumo ikamzidi, nikamlaza kitandani kwangu. Mwanangu yuko nyuma ya nyumba anamalizia kumchuna beberu tuliyemchinja kwa ajili ya mgeni. Mimi nimekaa hapa mlangoni na daftari, nasikiliza Spesioza anavyovuta pumzi. Inaingia, inatulia kidogo, inatoka. Naijua pumzi hii. Kuna wakati niliishika mkononi.

Sina hakika kama mtu wa darasa la saba anaweza kuandika habari ya vyombo vya hospitali bila kukosea. Nitaandika nilichokiona, na nisichokijua nitasema sikijui. Habari za ukoo wangu naziacha, hazihusiki. Mwaka wenyewe ndio ule tunaouita hapa mwaka wa wakimbizi, ingawa wakimbizi walikuja kabla yake na wakaja tena baadaye. Nyanda za Benaco zilifunikwa na maturubai ya bluu mpaka macho yakachoka, moshi wa jioni ulikaa bondeni kama ukungu, na vilima tulikookota kuni tukiwa watoto vilibaki vipara. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, na jina lake naliacha. Mashirika yalipofika yalihitaji watu wanaojua kazi, na watu wetu wengi waliojua kazi wakaenda. Siwalaumu. Mtu ana watoto, na kule kambini kulikuwa na wagonjwa kuliko kwetu. Ila kwetu kulibaki mapengo, na katika pengo moja nikaangukia mimi.

Nilikuwa fundi cherehani wa hospitali. Nilishona mashuka ya kijani, kofia, na vitambaa vya kuziba mdomo. Aliyekuwa akimsaidia mganga wa usingizi alipoondoka, mganga mwenyewe, Bwana Festo, alikuja chumba cha kushonea, akasimama akitazama mguu wangu juu ya pedali mpaka nikaona aibu. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani, na wagonjwa walimwita Bwana Usingizi. "Leokadia," akasema, "mguu wako unajua mwendo. Hauharakishi, hausinzii. Nataka mkono wenye akili kama ya huo mguu." Nikamwambia sijasoma. Akasema, "Mguu wako nao haukusoma." Basi nikawa nashona asubuhi, na siku za upasuaji nanawa mpaka viwiko na kuingia kushika mvukuto.

Chombo chenyewe nikieleze. Kilikuwa kama sufuria kubwa ya duara yenye mshale wa kupimia dawa juu yake. Ndani unamimina etha, ile dawa yenye harufu tamu ya kuchosha. Bwana Festo alipenda kueleza asili yake wakati tunapanga vifaa. Alisema mwanzo kabisa walitumia chupa ya kioo yenye sponji ndani, mgonjwa akavuta kwa mdomo. Baadaye kikaja kikombe cha waya kilichofunikwa shashi, dawa ikadondoshwa tone kwa tone juu ya pua. Kikombe kimoja kama hicho tulikuwa nacho kabatini na nilikishonea shashi mpya, ingawa sikujua kama kingetumika tena. Halafu kikatengenezwa hiki cha kwetu, kwa ajili ya mahali pasipo na mitungi ya gesi wala umeme wa kutegemewa. "Hiki hakimpulizii mtu," alisema. "Mgonjwa anajivutia mwenyewe. Pumzi yake ndiyo injini." Hivyo kwa jipu au mkono uliovunjika nilikuwa sina kazi kubwa. Kwa tumbo mambo yalikuwa mengine. Tumbo halifunguliki likiwa limekaza, kwa hiyo mgonjwa anachomwa dawa ya kulegeza, na akilegea hata pumzi inalegea. Hapo lazima mtu amvutie. Kati ya sufuria na mgonjwa kulikuwa na mvukuto wa mpira mweusi wenye mikunjo kama kinanda cha mkononi, kitako cha chuma chini na kifuniko cha chuma juu. Unainua, unashusha, naye kifua kinapanda, kinashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa neno. Humo ndani hatukusema "amelala." Kanisani kwetu aliyelala ni aliyekufa, na dirisha la chumba cha upasuaji lilitazama baraza walikokaa ndugu. Niliwahi kusikia muuguzi mgeni akisema kwa sauti, "Tayari, amelala!" na pale nje wanawake wakaanza kupiga yowe, mmoja akajitupa matopeni, wakati mgonjwa wao anakoroma salama kabisa. Wala "amepumzika" hatukusema, maana hilo nalo ni la makaburini. Bwana Festo alituwekea sheria: sema "anavuta." Ukiulizwa hali, anavuta. Hakuna kabila linalolia kwa neno hilo.

Spesioza aliletwa wakati wa mvua. Alikuwa amevuka Rusumo na watu wake, akawapoteza, akawapata baadhi yao. Mengine hakunieleza, nami sikumwuliza. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama la mimba kubwa. Daktari alipompima akasema ni uvimbe, lazima utolewe. Si wa leo na kesho, akasema, lakini si wa kuachwa. Hospitali ya kambini walimwandikisha, nao kwa haki walikuwa na watu wanaovuja damu wa kumtangulia. Wodi yetu ilijaa mpaka chini ya vitanda, kwa hiyo Sista msimamizi aliniuliza kama ningempokea chumbani kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, meza, na dirisha la ubao. Alilala upande wa ukutani kwa sababu ya tumbo. Asubuhi alikuwa anaamka kabla yangu, anafagia mpaka uani kwa jirani, kisha anakaa mlangoni na nyasi zake kusuka vikapu vyembamba vyenye vifuniko vya kuchongoka. Tulipika ugali wa mahindi ya njano ya msaada, ambayo mimi niliyaona hayana ladha, na yeye akanionyesha kuyachanganya na muhogo. Kiswahili alikuwa anakijenga kwa vipande, akisikia neno analipenda anatembea nalo siku nzima.

Watu walimsema. Kisimani alifuatwa na maneno: mjane gani huyu, tumbo la nani hili, la askari gani. Siku moja mama mmoja akamwuliza waziwazi, "Dada, unajifungua lini, tujiandae na vitenge?" Spesioza akatua ndoo yake taratibu. "Mama, hii si mimba," akasema. "Ingekuwa mimba, sasa hivi ingekuwa darasa la kwanza." Kisima kizima kikacheka, naye akacheka. Kumbe tulipofika chumbani alikaa kitandani akaniambia bila kunitazama, "Leo, nitolewe hiki kitu. Nimechoka kubeba mtoto wa midomo ya watu." Nikamwahidi. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuahidi jambo lisilo langu. Akauliza, "Siku hiyo nani atanishikia pumzi?" Nikasema mimi. "Basi nitaingia. Kwa mkono wako nitaingia."

Wiki ile ile mvukuto ukapasuka. Mpira ulikuwa mzee, na etha huutafuna mpira kidogo kidogo. Tuliona ufa kwenye mkunjo mmoja, tukaubandika kiraka cha baiskeli kwa solusheni, ukafunguka mkunjo wa pili, tukabandika, ukafunguka wa tatu kwa hasira kana kwamba tumeutukana. Mpira mpya uliagizwa ng'ambo. Wenzetu wa mashirika tuliwaomba, wakatafuta kwa moyo wote, lakini vyombo vyao vilikuwa vya aina nyingine. Walitupa dawa za sindano kwa ajili ya kina mama wa dharura, na hizo hazikuguswa kwa lingine. Daktari akatangaza kwamba matumbo yasiyo ya dharura yatasubiri. Nilirudi chumbani, nikamkuta Spesioza amejua tayari. Alikuwa anasuka. Hakunyanyua kichwa. "Mpira umekufa?" akauliza. "Umepasuka," nikasema. "Basi umelala," akasema, na hakucheka.

Wazo lilitoka kwa Bwana Festo, akinywa uji jikoni. Alisema zamani Ulaya, kabla hata ya etha, watu waliookolewa majini walipuliziwa pumzi kwa mivukuto ya kuchochea moto wa mekoni. Alisoma hivyo chuoni. "Kama mvukuto wa moto ulimfaa mtu wakati ule," akasema, "kwa nini usimfae leo? Na mivukuto tunayo, huko Biharamulo kwa Warongo." Warongo ni wahunzi wa nchi ya Uzinza, na wakati huo wachache bado walifua majembe kwa springi za magari. Daktari alifikiri, akasema, "Jaribuni. Lakini hakuna mgonjwa atakayevutiwa nacho mpaka mimi niridhike." Nilimwona kuwa mtu wa haki.

Tulikwenda kwa pikapu ya hospitali. Mhunzi aliitwa Mzee Lushanga, mrefu, mkavu, kiko mdomoni, kidole kimoja kimepinda kwa kazi. Mkewe, Bibi Lushanga, alikuwa mfupi na ndiye aliyeongea. Tulipiga magoti, "Shikamoo," wakaitika, tukapewa ugali wa muhogo na samaki wa kukaushwa kabla ya kuulizwa shida yetu. Bwana Festo akatoa kile kitako na kifuniko cha chuma, akaeleza. Mzee akavigeuza, akaingiza kidole kwenye matundu, akapuliza upande mmoja, upande mwingine. "Milango yake ni mizima," akasema. "Kinachokosekana ni shingo ya kuviunganisha." Akasema atachuna mbuzi kama kuvua soksi, bila kupasua tumbo, ngozi itoke ikiwa bomba moja lisilo na mshono. Pasipo na mshono upepo hautoroki. "Ila kufunga sifungi hapa. Mvukuto hufungwa pale utakapofanyia kazi. Mtanichukua." Bibi akasema, "Na mimi mtanichukua, maana huyu akiona gari anasinzia, atapelekwa mpaka Mwanza."

Walikuja na ngozi laini kama kitambaa, Bibi ameisugua kwa samli siku nyingi. Tuliifurahia kabla ya wakati. Bwana Festo akakata kipande cha ukingo, akakitumbukiza kwenye etha, na tulipokitoa kikakauka kigumu kama ngozi ya ngoma, kikanuka beberu mpaka Sista akafungua madirisha. Etha ilikuwa imekunywa samli yote. Hakuna kati yetu aliyelifikiria, si mhunzi, si mganga. Mimi nilikuwa nimekalia rundo la makintoshi, yale mashuka mekundu ya mpira ya kutandika vitandani, niliyoletewa kupunguza pindo. Sikuwa na wazo, nilikuwa nakunjakunja tu ncha ya moja kwa wasiwasi, na Bibi Lushanga akanitazama mkono akasema, "Hiyo ngozi nyekundu ya mnyama gani?" Basi ikawa hivyo: makintoshi ndani ipambane na etha, mbuzi nje na samli yake atoe nguvu. Nilishona bomba la mpira, nikaziba tundu za sindano kwa solusheni. Likabaki tatizo la mikunjo, maana bomba lilijikunja ovyo kama soksi iliyolegea. Spesioza, aliyekuwa anatazama tangu mlangoni, akaenda chumbani akarudi na pete za nyasi za midomo ya vikapu vyake, zilizosukwa imara na kulingana. Tukaziweka kati ya mpira na ngozi, moja juu ya nyingine, na bomba likasimama likakunjika vizuri kana kwamba lilizaliwa hivyo.

Mzee Lushanga alishika kamba tayari kufunga. Akauliza swali la kawaida tu: "Nani atavukuta?"

"Huyu binti," akasema Bwana Festo.

"Huyu?"

"Ndiye fundi wetu. Mkono wake hauna mfano."

Mzee akaitua kamba. "Basi nirudisheni kwangu."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaeleza taratibu, wala hakuwa na dharau, na nataka hilo liandikwe. Kwao tanuri ni mke, na mvukuto ni mume. Mwanamke akishika mvukuto, tanuri linaona limeletewa mke mwenza, linanuna, linakataa kuzaa chuma. Baba yake alimfundisha hivyo na yeye hajawahi kuvunja. Akamwangalia Spesioza na tumbo lake, akaangalia pembeni kwa adabu. "Na mwenye mimba ndio kabisa." Spesioza akasema, "Mzee, mimi nimeshasema mpaka nimechoka. Hii si mimba."

Bibi Lushanga akapiga paja. "Mume wangu, na ngozi hiyo aliilainisha nani? Mbuzi mwenyewe?"

"Ngozi si mvukuto," akajibu mzee, "mpaka ifungwe."

"Ahaa! Kwa hiyo mikono yangu ni mizuri kwa samli, kwa kamba ni mikosi."

"Sikusema mikosi. Nimesema ifungwe."

Bwana Festo alimwita mlinzi wa geti ajaribu mwendo tu, bomba likiwa bado halijafungwa. Mlinzi alivukuta kama anajaza tairi la trekta, na daktari akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Jioni ile Bwana Festo alikuja chumbani kwetu na shauri lake. Tumwambie mzee atavukuta mwanamume. Afunge, aondoke na heshima zake, kisha Leokadia ashike. Nani ataumia? Nilimtazama Spesioza, maana tumbo lilikuwa lake. Aliacha kumenya viazi. "Hapana," akasema. "Huyo mzee ametupa ngozi ya mbuzi wake. Nikidanganya juu ya pumzi, nikiwa ndani huko, nitashika nini? Mimi sitavuta uongo." Bwana Festo akasema, "Mama, utakuwa huna habari." "Mungu atakuwa nazo." Akaondoka akinung'unika, lakini viazi vilipoiva akarudi akachungulia dirishani. "Viazi vinanukia," akasema, tukampa.

Asubuhi umande ulikuwa mzito. Bwana Festo alikuwa amefungua chupa ya etha kuipima, na Mzee Lushanga akaja barazani kuaga, kiko mdomoni kinatoa moshi. Nilisikia kelele nyingi mwaka ule, lakini ile ya Bwana Festo sijasahau: "Moto! Mzee, moto! Toa!" Kabla mzee hajaelewa, Bibi alikipokonya kiko akakitupa kwenye majani mabichi, akakikanyaga. Bwana Festo alifunga chupa, akamsogelea mzee akaomba radhi. Akaeleza kwamba etha inashika moto hata kwa cheche, nyumba nzima inaweza kuondoka.

Mzee alikaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo humo ndani hakuna moto."

"Hautakiwi."

"Hata makaa?"

"Hata kiberiti mfukoni, Mzee."

"Hata siku moja? Hata wakimaliza?"

"Maisha yake yote."

Akacheka. Hatukuwahi kumwona akicheka, na mkewe alimgeukia kwa mshangao. Akasema, "Nafunga mivukuto tangu sina ndevu. Mvukuto usiotakiwa kuona moto sijauona. Huo hauna tanuri. Hauna mke, hauna mume. Basi siujui, na kitu nisichokijua sina mwiko nacho." Akaipima tena kauli yake, maana hakuwa mtu wa kurahisisha. "Ila mkono wangu umezoea. Mkono huu ukiufunga, utakuwa mvukuto. Binti, njoo. Kufunga ufunge wewe."

Akakunja mikono nyuma ya mgongo, akasimama juu yangu akinifundisha kwa mdomo. Zungusha. Vuta. Pita chini. "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu." Niliufungua na kuufunga mara nyingi mpaka vidole vikavimba, na kila nikikosea Bibi alisema, "Mwache, hata wewe ulianza hivyo," naye akasema, "Mimi nilichapwa." Kifundo kilipokaa, alipuliza tundu la chini, akasikiliza juu. Kimya. Upepo haukutoroka. "Umefunga," akasema. "Umefunga nini, sijui."

Daktari alitaka kwanza uning'inizwe ukiwa na jiwe, kupima kifundo, ukaning'inizwa. Kisha Bwana Festo akalala mezani mwenyewe, macho wazi, bila dawa, nikamvutia. Tumbo lake likapanda na kushuka kama kilima. Alipoinuka alibeua. "Sawasawa," akasema, "ila nimekula mbuzi kwa pua." Daktari akaongeza majaribio yake, mengine siyajui maana, kisha akasema ameridhika.

Siku yenyewe nakumbuka mkono wangu kuliko uso wa Spesioza. Aliingia kwa miguu yake, akaniangalia juu ya kitambaa changu cha mdomoni. "Leo, ni wewe?" "Ni mimi." Alivuta mwenyewe mwanzoni, akahesabu kwa Kinyarwanda, akapotea njiani. Bwana Festo akamchoma ile dawa ya kulegeza, kifua kikasimama, akanipa ishara. Nikainua, nikashusha. Pete zake alizosuka zilikuwa zinagusana kila nikishusha, sauti ndogo ya nyasi kwa nyasi, na nikafikiri, huyu anapumua kwa kazi ya mikono yake. Niliogopa kuliko siku zote. Kila mara nilidhani kifundo kinalegea, na sikuweza kutazama, kwa hiyo nilikisikiliza. Kikakaa. Daktari akauinua ule uvimbe kwa mikono miwili, kama kibuyu kilichoiva, akauweka kwenye beseni, na Sista akafanya ishara ya msalaba. Halafu kifua chini ya mkono wangu kikaanza kukataa mwendo wangu, kikadai wake. "Achia," akasema Bwana Festo kwa upole. "Anajivutia mwenyewe."

Nilitoka barazani. Wanawake walikuwepo, wa kutoka kambini na wa kisimani, hata yule wa vitenge. Walisimama wote kwa pamoja, wananitazama mdomo. Nikasema, "Anavuta." Yule wa vitenge ndiye aliyeanza kulia, kwa furaha, na haki yake nampa. Spesioza alipozinduka alitapika, akatapika tena, kisha akafungua jicho moja, akasema maneno ya kwanza ya maisha yake mapya: "Nani anachoma mbuzi?"

Ngozi ile tuliitumia mpaka mpira mpya ukafika kutoka ng'ambo. Sitasema kwamba yetu ilikuwa bora. Mpya ulikuwa mwepesi na haukunuka. Yetu ilitundikwa chumba cha kushonea, na nadhani panya waliimaliza. Bwana Festo amezikwa miaka mingi sasa, Mzee Lushanga na mkewe nao. Niliwahi kupelekwa kuona mashine ya siku hizi, yenye taa na namba zinazoruka, inavukuta peke yake bila mkono wa mtu. Nilifurahi. Nilitaka kuuliza kifundo kiko wapi, nikaona aibu.

Spesioza ameamka. Mwanangu ameleta sahani ya nyama, moto, imekolea vitunguu, nimeipeleka mwenyewe kwa mikono miwili kama inavyopasa kwa mgeni. Ameinusa. Ameziba pua, ameanguka nyuma kitandani anacheka mpaka machozi. "Leo, sha! Miaka yote hii, bado unanivutisha mbuzi?" Toka siku ile hajawahi kuweka mbuzi mdomoni, hata arusini. Nami niliyeandika yote haya juu tangu mchana, sikulifikiria. Mjukuu wangu anauliza kuna nini, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumjibu kwa kucheka.

Mvua imerudi. Jioni hii Spesioza na mimi tumekula ndizi na maharage, na parachichi la jirani. Beberu amekwenda kwa waliomchinja. Wanasema alikuwa laini.